Tatu Nukta Mbili Nukta Moja

Duluth, Februari. Kioo cha dirisha kimeota manyoya ya barafu
na mimi nina kazi ndogo tu kabla ya chai:
kulibatiza toleo.
Msimbo wenyewe unajijua kwa herufi na tarakimu arobaini,
vurugu ambayo hakuna dereva atakayeitamka redioni.
Basi tunauvalisha utepe, kama kichanga wodini:
tatu nukta mbili nukta sifuri.
Ulivyokuwa leo, saa tisa na dakika nne alasiri.
Kisha unapakiwa kwenye magari ya kumwaga chumvi
yanayokwea mji huu kila theluji ikianguka.

Marlys Haugen alinifundisha, kabla hajastaafu:
"Lebo ikishatoka mlangoni, usiiguse."
Alisema hivyo akimenya chungwa,
hakuinua macho.

Usiku ule Dashiell aliigusa.
Aliona kosa, mstari mmoja,
ishara ya kutoa mahali pa kujumlisha.
Akalirekebisha, akaing'oa lebo ilipokuwa,
akaipachika mbele, kimya kimya, akaenda kulala.
Si uovu. Ni haya.

Alfajiri gari la kumi na moja na gari la kumi na nne
yote mawili yaliapa: tatu nukta mbili nukta sifuri.
Moja lilimwaga chumvi mteremko mzima.
Jingine lilipita likinguruma, taa zikizunguka,
halikudondosha hata punje.
Basi la shule liliteleza hadi ukingoni, likasimama.
(Hakuna aliyeumia.
Niliisoma sentensi hiyo mara tatu.)

Sasa Dashiell amesimama kando ya meza yangu, masikio yamemwiva,
nami namwambia jambo ambalo sikupanga kumwambia:
Kwetu tuko watu saba
na sote tulizaliwa tarehe mosi Januari.
Karani wa kambi alikuwa na foleni ndefu na kalamu inayokauka.
Mama akasema, huyu ni wa wakati wa kuvuna mihogo,
huyu ni wa usiku ule tulipovuka ziwa;
karani akaandika moja, moja, moja.
Hakuwa mtu mbaya. Alitaka karatasi zifanane.
Tangu hapo nikiitafuta siku yangu
nafika mahali ambapo sikuwahi kuwapo.

Ananitazama. Hajui acheke au la.
"Cheka," namwambia. "Keki ni moja tu, gharama inapungua."

Tunairudisha sifuri kwenye aibu yake, pale pale,
na ile ishara ya kutoa ikiwa ndani, ionekane.
Tunaigusa mara hii ili isiguswe tena.
Kisha mbele yake naandika lebo mpya, na ujumbe:
*Toleo lililotangulia lilikosea ishara baridi ikizidi.
Lebo yake ilihamishwa usiku, imerudishwa.
Magari yote yatumie hili.*
Dashiell anaomba jina lake liwemo.
Naliweka. Chini yake langu, ufunguo wangu,
na tarehe, ambayo walau hii ni ya kweli.

Jioni, karakanani, nakinga kiganja nyuma ya gari la kumi na nne.
Chumvi inashuka, mbichi, inachoma penye mkwaruzo.
Redio inakoroma: "Kumi na nne, unatumia lipi?"
"Lile jipya," dereva anajibu, akitafuna kitu.
"Lenye moja mwishoni."