Maoni ya Waliolipa Ishirini

Filamu ilitoka Australia,
huko ambako, kwa maelezo ya Andayi fundi viatu,
maji ya sinki huzunguka kinyume.
Yetu hapa Luanda, ikweta ikiwa hapo tu Maseno,
hayajaamua yazunguke wapi.

Niliinunua Kisumu kwa hamsini.
Jaladani kulikuwa na helikopta na moto.
Ndani hamkuwa na helikopta.
Moto ulikuwa wa sigara.

Mvua ya saa tisa ikashuka juu ya mabati,
soko likakimbilia kwangu,
watu thelathini na wawili kwenye mabenchi ya kanisa
niliyoyakodi kwa wiki,
nami nimesimama nyuma na rimoti iliyofungwa kwa raba.

Gari la polisi lilikuwa moja.
Likamfukuza mwizi kona hii, kona ile,
hadi Ebi, mtoto wa darasa la sita, akaruka:
"Tazameni mlango! Mkwaruzo ni ule ule!"
Kweli. Mwizi alikuwa akitoroka
kwa gari lile lile la polisi,
limevuliwa king'ora tu.
Tulicheka mpaka mvua haikusikika.

Bastola ilichomolewa mara mbili, haikulia.
"Risasi ni ghali," akasema Obwaka mchinjaji,
"hata kwa wazungu."
Yule bosi wa kike wa kituo, mtu akagundua,
ndiye maiti tuliyemwona mwanzoni;
amefufuka, amevaa wigi.

Mama Okwemba alikuwa ameacha nyanya zake nje, chini ya nailoni.
"Ishirini yangu! Mtu anaendesha gari, ananyamaza.
Anakunywa chai, ananyamaza.
Kunyamaza ninako nyumbani, tele, na silipii."
Omulando, wa chuo kikuu, akatueleza
kwamba ukimya nao ni mhusika.
Akaambiwa amchukue, akaishi naye hosteli.

Ndipo polisi yule akafika kwenye nyumba moja
ya mbao, yenye bustani kavu.
Alikuwa amekuja kumwambia mama kuhusu mwanawe.
Akavua kofia. Mlango ukafunguliwa.
Hakusema kitu.
Akapangusa viatu kwenye mkeka wa mlangoni,
akapangusa tena,
na ukutani kikapita kivuli cha kijiti cha kunasia sauti.
Ebi akanyoosha kidole, akaanza kucheka,
akajikuta anacheka peke yake.

"Hapo hawajadanganya," ikasema sauti ya pembeni.
Koplo mstaafu Makomere hukaa karibu na mlango
kwa sababu ya mguu wake.
"Unapangusa viatu. Hata kama sakafu ni ya udongo,
hata kama nje hakuna tope.
Mdomo haujui pa kuanzia, basi miguu inaanza.
Mwaka wa tisini na saba nilipangusa pale kwa—"
Akaikata hapo.

Mama Okwemba hakugeuka.
Macho yake yalibaki kwenye skrini,
ambako mlango ulikuwa bado wazi.
"Mara nne," akasema.
"Ulipangusa mara nne, Koplo. Nilihesabu."

Mvua ilikuwa imepungua. Hakuna aliyetoka.

Filamu iliisha mwizi hajakamatwa.
Majina yakapanda, machache, yakijirudia:
aliyeongoza ndiye aliyeandika,
ndiye dereva, ndiye aliyewapikia wenzake.
Obwaka akadai nusu ya pesa zake, nikampa.
Andayi akasema nchi ile haina maana,
imejaa barabara na haina watu.
Ebi aliuliza kama kangaruu wamekatwa kwenye nakala yangu.

Ijumaa, kabla sijafungua, nilimkuta Mama Okwemba
amesimama na kikapu, sarafu kiganjani.
"Ile ya juzi bado unayo?
Sitaki yote. Pale mlangoni tu."
Ningependa kusema sikuchukua ishirini yake.
Niliichukua; alikataa kuondoka nayo.
Nikatafuta kile kipande, mbele, nyuma,
raba ya rimoti ikanikatikia mkononi,
na yeye, kabla ya kuketi,
akapangusa ndala zake kwenye gunia.