Hundi ya Trekta

Ya kwanza ilidunda.
Msimu ule nilimpa mtu magunia arobaini ya mahindi,
akanipa karatasi yenye saini ndefu kama mkia wa ng'ombe.
Benki wakanirudishia: akaunti haina fedha.
Ninayo bado. Nimeikunja mara nne
chini ya mguu wa meza unaotetereka.
Hiyo kazi inaiweza.

Basi alipokuja Ndelilio Kilewo kutoka Kahe
kulitaka trekta la marehemu,
nilimwambia: baba, ahadi ni deni,
na madeni ninayo tayari.
Twende Moshi mjini.

Tukapanga foleni, yeye na kofia mkononi,
mimi na kadi ya trekta kifuani.
Dirisha la tatu, Aikande, niliyemfundisha kipaimara,
akaisoma hundi, akaisoma akaunti,
akazitenga milioni kumi na nne
akazifungia pale mkono wa Ndelilio usipofika.
Kisha muhuri, pwa!
Na saini ya benki kando ya saini ya mtu.

"Ni kama mtamba, mama," akasema.
"Bado yumo zizini kwa mwenzio,
anakula majani ya mwenye zizi,
lakini ameshaandikwa jina lako.
Hauzwi tena. Hachinjwi.
Mwenye zizi akiishiwa usiku wa leo,
mtamba anakungoja wewe."

Na muhuri ukichongwa uchochoroni?
Akacheka. "Ndiyo maana umekuja mwenyewe.
Siku ukiletewa mlangoni, piga simu benki
kwa namba unayoijua wewe,
si ile iliyochapwa kwenye hundi."

Tukarudi Mabogini. Nikampa kadi, akanipa hundi.
Nyepesi! Milioni kumi na nne,
na kuku angeweza kuidonoa.
Akapanda, akashika usukani,
halafu akauliza, bila ubaya,
kama mtu anayeulizia njia:
"Na injini, mama?
Hii nani ameipigia muhuri?"

Nikatazama doa la oili pale chini.
Mlima ulikuwa umejifunika, hauangalii mtu.

Gia ya tatu, nikasema,
hukataa asubuhi za baridi.
Marehemu alikuwa akiibembeleza kwa Kichaga,
matusi kidogo, sala kidogo.
Mwezi wa saba utanikumbuka.

Akanyamaza. Akaitazama hundi mkononi mwangu,
nami nikaitazama.
Hundi haikwanguliwi. Tarakimu ikishapigwa muhuri
haipungui kwa kalamu wala kwa toba.

Nikafungua fundo la kanga,
nikamhesabia laki mbili, elfu kumi kumi,
noti zinazonuka moshi na kitunguu,
zisizo na jina la mtu.
Akazihesabu upya, taratibu, akilowesha kidole.

Sikukasirika.
Mimi pia ningezihesabu.