Blanketi la Nane

Tartu, Februari. Mto umeganda hadi kooni,
na sisi watatu tumeganda kwenye ghorofa ya tatu
ya hospitali ambayo haipo.
Urmas ameijenga kwa namba, Leelo kwa sauti,
mimi kwa maneno, na kila mmoja
anadhani wenzake ni wapangaji.

Urmas ametega saa ukutani: mishale minne,
majina ya wauguzi waliokufa, herufi za kupanga kinyume.
"Tamu," anasema, kama aliyeonja mchuzi wake mwenyewe.
Ni tamu kweli. Dakika arobaini nilikaa mbele yake
na kalamu na karatasi,
na kile kitu kinachopumua koridoni
kikapita nyuma yangu mara sita.
Mara ya kwanza nywele zilinisimama.
Ya sita nikakiambia: ngoja kwanza, nahesabu.

Hofu ni uji.
Ukiuweka kando, unaota ngozi.

Leelo basi akataka tufute mafumbo yote,
abaki mtu, taa, na ngazi zinazolia.
Tukajaribu. Robo saa ilitisha;
kisha ikawa matembezi ya mtu aliyesahau miwani.

Nami, wacha niseme, nilikuwa na dhambi yangu:
barua. Kila droo barua, kila barua kurasa tatu,
mkurugenzi akisimulia utoto wake.
Nani husoma kurasa tatu huku mlango unatikisika?

Tuligombana mpaka birika likakauka jikoni.
Mafiga matatu, ndiyo, lakini kila moja
lilitaka chungu chake.

Jumanne tukamwita Vaike wa ghorofa ya chini,
muuguzi mstaafu, hajawahi kushika kifaa cha kuchezea.
Alivua glavu, akauliza kitufe cha kutembea ni kipi.
Saa ya Urmas hata hakuitupia jicho.
Barua zangu alizipita kama matangazo ya kituo cha basi.
Alipofika wodini akasimama.
Akahesabu, midomo ikicheza, sauti haitoki,
kama alivyohesabu kila zamu ya usiku
kwa miaka thelathini na mmoja.
"Vitanda saba," alisema. "Mablanketi manane."
Akatugeukia. "Wa nane yuko wapi?"

Hakuna aliyejibu. Lilikuwa kosa letu:
Leelo alinakili blanketi moja zaidi, akasahau kulifuta.

Usiku ule hatukulala. Urmas aliing'oa saa yake
kama mtu anayemng'oa mwanawe jino.
Nilifuta barua kumi na nne, nikabakiza mstari mmoja
kwenye ubao wa zamu: Wote saba wamelala.
Leelo akazima muziki. Akaweka dirisha.
Ukisimama kando ya kitanda, ukanyamaza,
kioo kinabaki safi, safi, safi,
mpaka kitanda cha tano. Hapo wewe unapumua mara moja
na kioo kinaota ukungu mara mbili.

Kitendawili!
Tega.
Ila humu ukishindwa huna mji wa kutoa,
na mtegaji hana haraka ya kupewa.
Yuko chini ya blanketi,
naye pia anahesabu.

Vaike alirudi Alhamisi. Alifika kitanda cha tano,
akaweka kifaa mezani taratibu, skrini ikiwaka bado,
akavaa glavu.
"Jibu nalijua," alisema.
"Simwamshi."