Povu la Naviundu

Mama Numbi ameniuliza tena, huku akikoroga munkoyo:
"Mafuta yangu ya kukaangia mikate, unayapeleka wapi?"
Nikamwambia nawalisha wadudu.
Akacheka hadi mwiko ukamponyoka.
"Watu wanalala njaa, wewe unalisha wadudu!"

Wenyewe hawaonekani.
Niliwatoa kwenye matope ya Naviundu, chini ya daraja,
pale maji yalipo na rangi ya chupa ya bia
na lenga-lenga huota na ukingo wa manjano.
Samaki walihama bila kuaga.
Hawa walibaki. Shaba iliwapita mwilini, kobalti ikawapita,
wakajifunza kuishi na mgeni asiyeondoka.

Sasa wamo kwenye chupa, dirishani mwa labo.
Umeme ukikatika nawatikisa kwa mkono
kama mtu abembelezaye mtoto mwenye homa.
Wanakula mafuta meusi ya Mama Numbi
na kutoa kitu chao, si sabuni lakini ni nduguye:
povu jepesi, rangi ya maji ya mchele.

Jumanne nililimimina juu ya kilo moja ya tope.
Nikangoja. Chembe za udongo ni bahili;
zimeikumbatia shaba tangu enzi za babu,
tangu dohani kuu ilipotema moshi juu ya Lubumbashi
na mvua ikauteremsha mtoni.
Povu halikugombana nazo. Liliingia katikati
kama shangazi kwenye ugomvi wa ndoa,
likanong'ona, likanong'ona,
hadi ngumi ikafunguka.

Alhamisi maji juu ya tope yalikuwa ya kijani.
Kijani! Nilipiga kelele, mlinzi Kisimba akaja mbio na rungu.

Lakini nisikudanganye.
Nusu ya sumu bado imo. Na ile iliyotoka
imo kwenye dumu chini ya meza yangu, ina jina na tarehe,
wala sijui nimkabidhi nani.
Na huko juu ya mto kuna bomba linalotiririka usiku,
tani kwa tani,
wakati mimi nahesabu kilo.

Jioni nikarudi na kidumu kitupu.
Mama Numbi hakuuliza kitu. Alifunua sufuria ya munkoyo:
povu limepanda, linapumua.
"Hata hawa wangu," akasema, "sijawahi kuwaona.
Ila nikiwaharakisha, kinywaji kinaharibika."
Akanijazia mafuta hadi shingoni.