Saa Tatu za Nyabusoko

Meli ilipofunga kamba Nyabusoko, saa nne kasorobo,
kipaza sauti kilikohoa kwanza, kisha kikasema:
wa magofu washukie kulia, wa mjini kushoto,
honi ya kwanza saa saba, ya pili haimsubiri mtu.
Gati lenyewe lilikuwa moja. Kulia na kushoto
tukavitafuta wenyewe, katikati ya magunia ya dagaa.

Sayi alitaka mji.
Alikwisha kuuona tangu majini: mabati mekundu,
mtaa mmoja ukipanda kilima kama mtu asiye na haraka.
Mimi nilitaka boma la mtemi.
Miaka thelathini na moja nimefundisha historia pale Nyakato
kwa ramani iliyoliwa na panya,
nikichora ubaoni kuta nisizopata kuzigusa.

"Mawe," akasema, "tumeyaacha Mwanza.
Toka kwetu hadi sokoni ni jiwe juu ya jiwe,
lipo lililolalia choo cha jirani,
nawe unakata tiketi kufuata mawe!"
"Na chai," nikamuuliza, "Mwanza haipo?"
Tukacheka, lakini si sana.

Mshika mbili moja humponyoka;
sisi tulikuwa na mikono minne.
Tukaachana gatini,
yeye na utepe wake wa kupimia shingoni
(fundi cherehani, hata likizo hauvui),
mimi na kofia.

Kijana Mugeta, sweta ya shule, alinitoza elfu tatu
akanieleza mambo yaliyobadilika kila nilipouliza.
Mtemi alikuwa na wake tisa. Baadaye kumi na wawili.
Paa lilichukuliwa na upepo. Baadaye na watu.
Kuta zilisimama zimesahau zilikuwa zikizuia nini,
na barazani mbuzi alinitazama kama karani
aliyekwisha kufunga dirisha.
Mtu ameandika kwa mkaa: BWIRE NA NYAMISI.

Huzuni niliyoiandaa njia nzima
haikuja.
Nikabaki na mlango, yaani pengo lake:
kizingiti kimelika katikati, laini
kama sabuni ya jana,
kwa nyayo za waliokuja kushitaki na kushitakiwa.
Nikapima upana kwa mkono.
Shubiri tano, na vidole viwili.
Sijui kwa nini nilipima.
Mwalimu akikosa la kusema, hupima.

Honi ilinikuta nateremka mbio,
magugu maji yameziba nusu ya ghuba,
mnandi mmoja juu ya nguzo akianika mbawa.
Sayi alikuwa juu tayari, ameegemea chuma,
machungwa kwenye pindo la kanga.

"Umekula?" nikamuuliza.
"Nimefanya kazi," akasema.
Mwenye hoteli aliuona utepe, akaomba apimiwe pazia:
mlango wake ni wa mninga, misumari kama ngumi,
mzito, haufungiki tangu alipoolewa,
mbwa huingia na kutoka kama wana hisa.
"Ulitoka wapi mlango huo?"
"Nilimuuliza. Akasema, ulinitangulia hapa,
kunywa chai yako."

Nikakaa kimya kidogo.
"Upana?"
"Mia moja na kumi na tano."
Nikautoa utepe shingoni mwake,
nikatandaza kiganja juu ya namba:
ishirini na mbili na nusu, mara tano,
na vidole viwili...
Ikazidi sentimita moja.

"Mchwa," nikasema.
"Au mkono wako," akasema Sayi, "una haraka ya kuamini."
Akalimenya chungwa kwa ukucha, ganda moja lisilokatika,
akanipa nusu iliyo kubwa, au niliyoiona kubwa.

Meli ikageuka.
Kutoka majini boma halionekani,
limefichwa na mji.
Nikamtajia mbuzi. Akataka kujua rangi yake.
Sikukumbuka.
Nikasema mweusi.