Waya Tatu

Saiq, mwezi wa pili, juu ya Jabal Akhdar.
Barafu nyembamba imeganda kwenye ndoo ya mbuzi.
Ghaniya kashika nguzo, mimi napiga nyundo.
"Imekwenda upande." Kweli imekwenda.
Tunaiacha, mbona hata ukuta wa konde haujanyooka.

Waya ya kwanza magotini, ya pili kiunoni,
ya tatu mkono unapofika bila kujinyoosha:
ndivyo alivyoandika kijana wa kitalu cha Nizwa
nyuma ya risiti. Riali tatu kila mche.
"Umenunua kuni," akasema Suleyyim,
akacheka mpaka akakohoa.

Jina lake kwa Kiswahili hatunalo.
Mama akauliza kwa simu, kutoka Ruwi: lafananaje?
Kama forosadi, lakini lina miiba.
"Basi forosadi kali." Jina likabaki.

Mwaka wa kwanza zikatoka fimbo tupu, ndefu, zenye hasira.
Zamu yetu ya falaji ni nusu saa, usiku wa Jumanne;
naondoa jiwe na tambara, maji yanaingia
yamebeba majani ya waridi wa watu.
Nikazilaza fimbo zote kulia,
nikazifunga kwa vipande vya kanga kuukuu ya mama
ambayo maneno yake yamefutika, imebaki USINI,
na linalofuata halisomeki.
Tunda, hata moja.
Hilali wa makomamanga akapita, akatoa salamu tu.

Mwaka wa pili zile zile zikachanua,
na shinani zikachipua nyingine.
Hizo changa nikazivuta kushoto, zisichanganyike na wazazi.
Mama akapanda mlima kwa gari la kukodi,
akala moja, akanyamaza,
akavuta sahani yote upande wake.

Mavuno yakaisha, ikaja kazi nisiyoipenda.
Fimbo iliyozaa haizai tena, hukatwa usawa wa udongo.
"Zote?" akauliza mama.
Zote za kulia.
Ila moja ya kushoto ilikuwa imenitoroka,
imeinama ng'ambo ya ukuta, ncha kondeni kwa Hilali.
Nikaivuta, haikuja. Ilishashika mizizi.
"Iache. Mwambie kapata mgeni."

Akaokota kipande cha kanga kwenye matawi yaliyokatwa,
akakikunjua juu ya goti.
Ilisemaje, mama?
"Nimesahau," akasema.
"Lakini mwenyewe alielewa."