Safu ya Sababu

Ghorofa ya tatu, Ngara, juu ya duka la miwani,
nakaa na mapigano ya miaka kumi na tisa
ndani ya jedwali moja.
Kila pigano na mstari wake: tarehe, mahali, waliokufa,
na mwisho kabisa, safu ya sababu.
Moja ni maji. Mbili, malisho. Tatu, mpaka. Nne, kura.
Tisa ni "haijulikani", na tisa ndizo nyingi.

Mstari wa 4117 siufungui.
Huruma, Januari, aliyekufa mmoja, sababu nne.
Huyo mmoja alikuwa na deni la unga kibandani kwa mama,
na mama hadi leo hajalifuta daftarini.
Asema akilifuta atakuwa amemzika mara ya pili.

Daktari Wafubwa ataka grafu kabla ya Ijumaa.
Ukame ukipanda, vifo hupanda; nukta zinakwea vizuri
kama ngazi.
Ila moja imekaa chini, peke yake:
kata ya Lomerok. Ukame uleule, bunduki zilezile,
wanasiasa walewale na midomo yao,
na waliokufa, sufuri. Miaka sita, sufuri.
"Hiyo ifute," akaniambia. "Inatuharibia mchoro."

Nikapiga simu.
Akapokea Lokwang', anayetutumia ripoti,
upepo ukimla maneno.
"Hapa? Hapa hakuna habari.
Kisima ni kimoja, mfuniko wa chuma, kufuli mbili.
Ufunguo mmoja uko kwetu, mmoja uko kwao.
Asubuhi lazima mtu amngoje mtu.
Juzi walichelewa. Tukawatukana sana,
kisha tukanywesha."

Gazeti gani litaandika hilo: walitukanana, wakanywesha?
Amani haina tarehe.
Ikipita njiani haiachi hata ganda la risasi.

Jioni umeme ukapotea, ukarudi.
Nukta sikuifuta.
Nimeongeza safu, nikaiita "kufuli",
nikaandika mbili pale Lomerok,
na kwingine kote, maelfu ya mistari, nikaacha wazi.
Si sufuri. Wazi,
maana hatukuuliza.

Kisha nikashuka hadi 4117, nikaufungua,
nikajiuliza lango la ploti yetu lilikuwa na funguo ngapi
na usiku ule
zilikuwa kwa nani.